Baba, Tumefungua Kopo Lako

Mwaka umekatika, Baba, tangu Jumatano ile uliyofungua kibanda chako cha funguo asubuhi, ukawasha redio, ukakaa kwenye kigoda chako na usiinuke tena. Mteja aliyekuja kuchukua kufuli lake alidhani umesinzia. Alikusubiri kwa adabu, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, ndipo akakugusa bega. Mpaka leo anajilaumu kwa dakika zile. Tumemwambia asijilaumu, kwa sababu daktari alisema uliondoka mara moja, bila maumivu.

Mama na mdogo wangu wamenikabidhi mimi kazi ya kukuandikia kumbukumbu ya mwaka. Walitaka mistari kumi ya heshima pamoja na picha yako ya kitambulisho, ile uliyokunja uso kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama ameikataa picha hiyo dakika za mwisho. Amechagua ile uliyosimama kwenye gati la ziwa, suruali umeikunja mpaka magotini, umeinua ndoo tupu na unacheka. Kuhusu mistari kumi, watanisamehe. Nina jambo la kukwambia na nimekaa nalo mwaka mzima.

Wasiokujua wajue kwamba ulichonga funguo miaka thelathini na minane, katika kibanda ambacho watu wawili wakiingia, wa tatu anaongea akiwa nje. Jiriwa lako la kubania ufunguo lilikuwa kushoto, tupa zako za kusugulia chuma zimepangwa ukutani kutoka nene mpaka ile nyembamba kama njiti, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Ufunguo ukiisha kuuchonga uliujaribu mara tatu. Mara moja ingetosha kwa fundi mwingine. Wewe ulisema ya kwanza ni bahati, ya pili ni mazoea, ya tatu ndiyo kazi. Mtu akijifungia nje ya nyumba yake, hukumcheka. Ulimfungulia, ukampa pole, ukamwuliza kama amekula.

Mifuko yako ilijaa unga wa shaba. Mama alilalamika kila siku ya kufua kwamba ameolewa na kiwanda. Sasa anazo suruali zako mbili ambazo hajazifua, na sisi hatumuulizi.

Lakini Jumamosi hukuwa fundi wa mtu. Jumamosi ulikuwa wa wajukuu. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi ulikuwa mlangoni kwangu na ndoo, fito tatu na kopo lako la biskuti ambalo halikuwa na biskuti. Ndani yake mlikuwa na ndoana, mishipi, na maboya uliyoyakata kutoka ndara zetu. Nyumbani kwetu ndara zilikuwa zikipotea mguu mmoja mmoja. Mume wangu alituhumu mbwa wa jirani kwa miezi mingi, mpaka siku alipoona kisigino chake kinaelea ziwani.

Watoto uliwapa majina yako mwenyewe. Binti yangu wa kwanza, ambaye anapenda kuamuru, ulimwita Mwenyekiti. Mdogo wake wa kiume, asiyesema mpaka aulizwe mara mbili, ulimwita Kimya. Kitindamimba wangu ulimwita Kifunguo, kwa sababu alizaliwa usiku ule ulipokuwa umeitwa kufungua mlango wa wodi uliojifunga, ukajikuta wewe ndiye wa kwanza kumpokea mikononi baada ya mkunga. Hayo majina yameshika. Mwalimu wa Kimya alimwita kwa jina lake halisi, mtoto akageuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Gati lina sheria, ulikuwa ukisema, na sheria ni za kila mtu hata za mwenye mvi. Mtu anatembea kwenye ubao wa katikati. Mtoto asiyetimiza miaka mitano haendi, hata alie vipi. Kila mtoto ana nguzo yake, na amefungwa kiunoni kwa kitambaa ambacho ncha yake ya pili iko kwenye nguzo hiyo. Vitambaa vyenyewe ulivichana kutoka shuka la zamani, ingawa Mama anashikilia mpaka kesho kwamba shuka lile halikuwa la zamani. Na hakuna anayerusha mshipi mpaka uulize, "Nyuma safi?" nao waangalie nyuma yao na kuitikia, "Safi!"

Nguzo ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti, ya pili ya Kimya. Kifunguo alibaki nyumbani akiwalilia, na kila Jumamosi ulichuchumaa mbele yake ukamwambia jambo lile lile: akitimiza miaka mitano, nguzo ya tatu ni yake, na wewe mwenyewe utamfunga.

Samaki hamkuwa mnapata wengi. Na wangepatikana vipi, watoto wanaimba, wanagombana, wanadondosha mkate majini, wanaomba kwenda haja kila robo saa. Samaki akiponyoka karibu na gati, Kimya alikuwa anaumia sana, midomo inamcheza. Wewe ulimwambia, "Kaenda kuwaita wenzake." Basi mtoto anafuta machozi, anasubiri hao wenzake. Mlirudi saa nne, ndoo ina maji na visamaki viwili vya ukubwa wa kidole, na mnatembea kama mmebeba nyangumi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Unaikumbuka Jumamosi ile, Baba. Mshipi wa Mwenyekiti ulijisokota, ukainama kuusokotoa. Kimya akaona atie chambo kwenye ndoana yake mwenyewe, akusaidie. Ndoana ikamwingia kwenye dole gumba, ikazama yote. Ulimbeba mgongoni kutoka ziwani mpaka zahanati ninakofanya kazi, mzee wa miaka sabini na moja, Mwenyekiti anakufuata mbio na ndoo.

Mimi nilikuwa zamu, chumba cha vidonda. Nimefunga vidonda vya watu miaka kumi na minne na mkono wangu hautetemeki. Siku ile koleo lilinianguka, tabibu akaniambia nikae pembeni nimshike mtoto kichwa. Ndoana ina kijino kidogo karibu na ncha, kinaangalia nyuma. Kuingia inaingia vizuri, kutoka ndiyo inachana. Kwa hiyo tabibu alimchoma sindano ya ganzi, akaisukuma mbele mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akakikata kijino kwa koleo, ndipo akaivuta. Kimya alilia siku hiyo mpaka jina lake likaonekana la uongo.

Wewe ulisimama mlangoni, kofia mkononi, viatu vinachuruzika maji kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Na mimi nikageuka. Mbele ya tabibu, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, nikakwambia, "Baba, umezeeka. Watoto wangu hupati tena."

Ungejibu, labda tungegombana yakaisha. Ulimgeukia tabibu ukamwuliza ni nini hasa kilichozuia ndoana isitoke. Akakuonyesha kile kijino. Ukakiangalia kwa makini sana, ukakigeuza kwenye mwanga, ukaomba kipande cha shashi, ukazifunga zile sehemu mbili za ndoana, ukaziweka mfuko wa shati. Nikasema moyoni, tazama, mtoto analia na yeye anaokota ndoana yake. Nilikasirika upya. Hasira ile nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Majuma saba, Baba. Majuma saba sikukupa watoto.

Hukuacha kuja. Jumamosi yako ulifika kama kawaida, ila sasa ndoo ilibaki kwako. Mama alikushauri uniombe msamaha yaishe, ukamwambia maneno bila kazi hayafungui mlango. Hilo nimelijua juzi tu. Wakati ule niliona tu kwamba umekaa kwenye ngazi ya baraza langu na watoto watatu, na ua wetu mmeugeuza ziwa. Mishipi ilifungwa vijiti badala ya ndoana, na ndara zilizosalia zilikuwa samaki. Hapo hata Kifunguo aliruhusiwa, maana ziwa la udongo halina sheria ya miaka. Nilikuwa dirishani jikoni, sufuria mkononi. Nikakusikia unauliza, "Nyuma safi?" Wote watatu wakaitikia. Na mimi nikajifanya naosha sufuria.

Ningetoka tu nikasema, haya, nendeni. Ilikuwa hatua sita kutoka jikoni mpaka barazani. Nimezihesabu mwaka huu mara nyingi.

Jumamosi ya mwisho ulikuja na kopo lako la biskuti. Uliliweka mapajani, umelishika kwa mikono miwili. Nilikuwa natoka kwenda zamu, nimechelewa, natafuta kiatu. Uliniambia, "Mwanangu, nina kitu nataka nikuonyeshe. Dakika moja tu."

Nikakwambia, "Tutaona, Baba."

Ukaitikia sawa. Ukanisaidia kutafuta kiatu, ukakipata chini ya kochi. Nikaondoka. Jumatano ukafariki, na neno langu la mwisho kwako likabaki hilo.

Siku ya mazishi watu walinisifu kwamba nimekuwa imara. Sikuwa imara. Nilikuwa na aibu, na aibu humkausha mtu macho. Nilihudumia wageni, nikapanga viti, nikamlaza Mama, nikarudi zahanati siku ya nne. Ziwa sikulitazama tena. Njia ya kwenda kazini inapita kando ya gati, nikaanza kuzungukia nyuma ya shule ili nisilione. Mume wangu, mkweo, aliniuliza mbona siku hizi natoka mapema. Nikamwambia mazoezi.

Mdogo wangu ndiye aliyerithi kibanda. Umemfundisha vizuri, anajaribu ufunguo mara tatu, ingawa mara ya tatu anaangalia simu. Mwezi wa pili baada yako alikuja na lile kopo, akasema, "Dada, hili ni lako." Nikamwambia si langu, ni la watoto, na watoto hawaendi ziwani. Nikalipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Likakaa huko karibu mwaka. Watoto walijua liko wapi. Hakuna aliyeligusa.

Mwezi huu Kifunguo ametimiza miaka mitano. Ilikuwa Jumamosi, Baba, na sijui kalenda ilipanga nini na wewe. Nimeamka saa kumi na mbili nikamkuta amekaa sebuleni, amevaa viatu, mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto. Ameshika ndoo. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Namsubiri Babu," akasema. "Alisema mwenyewe atanifunga."

Nikakaa chini. Nilimweleza tena, kama nilivyomweleza mara ngapi sijui, kwamba Babu amefariki na hatarudi. Alinisikiliza vizuri. Akasema anajua. Kisha akaniuliza, sasa nani atamfunga?

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo za kulalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na amri ya kutoa. Kimya alitazama dole gumba lake. Nikaona watoto wangu wote watatu wananisubiri mimi, wakijua kabisa nitakachosema. Kwa kweli nilifungua mdomo niseme "tutaona". Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikapanda kwenye kiti nikalishusha kopo.

Nililifungua mezani, wao wamenizunguka. Juu kabisa palikuwa na kile kipande cha shashi, kimekauka na kugeuka rangi ya kutu. Nilikijua kabla sijakifunua. Ndani yake zilikuwamo zile sehemu mbili za ndoana iliyomchoma mwanangu. Chini yake palikuwa na kisigino cha ndara, na ndoana zimechomekwa humo mistari kwa mistari, ndogo kwa kubwa, kama ulivyopanga tupa zako ukutani. Nikachomoa moja. Nikapitisha kidole nyuma ya ncha, taratibu. Kijino hakikuwapo. Palikuwa laini kabisa, pamesuguliwa mpaka panang'aa. Nikachomoa ya pili. Ya tatu. Kimya akaanza kuchomoa na yeye. Tulizikagua zote. Zilikuwa sitini na nne, Baba, na hata moja haikuwa na kijino.

Nikampigia mdogo wangu simu. Alikuwa bado kitandani. Nikamwuliza kama anajua habari za ndoana hizi. Akasema alidhani nilishaziona. Akanieleza kwamba majuma yale saba ulikuwa ukizibana ndoana kwenye jiriwa kila jioni wateja wakipungua, miwani miwili puani, ya kusomea juu ya ile ya kawaida, unasugua kwa ile tupa nyembamba kama njiti. Unavunja moja, unaanza nyingine. Yeye alikucheka. Alikwambia samaki wote watakuponyoka, ukamjibu kwamba hilo waachie samaki. Alipokuuliza ni kazi ya nani, ukasema kuna bosi mmoja mkali sana, anafanya kazi zahanati, na bila yeye kupitisha, mzigo huu hautoki.

Nililia hapo mezani mbele ya watoto. Ule ukavu wote wa mwaka mzima uliniisha pale pale. Mwenyekiti alileta taulo la kuogea, maana ndilo la kwanza alilolikuta.

Tulikwenda, Baba. Nilikuwa naogopa, nakwambia ukweli. Tulitembea kwenye ubao wa katikati. Mama alikuja na kiti chake, akakaa ufukweni na kusema kwamba yeye hajui kuogelea ila anajua kupiga kelele. Fundo lako silijui, sikuwahi kujifunza. Kimya ndiye aliyelijua. Alimfunga mdogo wake kwenye nguzo ya tatu, akavuta kitambaa kujaribu. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu.

Kisha nikachukua ndoana ya Kifunguo nimtilie chambo. Minyoo na mimi hatuelewani, wewe unajua. Mnyoo ukanitoka mikononi, mkono ukaruka, ndoana ikaniingia kidoleni. Ilizama. Nikaiona imezama, na mwili wangu wote ukarudi kwenye chumba kile cha vidonda. Kimya akageuza uso.

Nikaishika kwa vidole viwili, nikaivuta. Ikatoka, Baba. Ikatoka kama sindano kwenye kitambaa. Palibaki kitone kimoja cha damu.

Kifunguo akaniuliza kama imeuma. Nikamwambia kidogo sana. Kisha nikainua uso kuelekea ziwani, nikakujibu kwa sauti, mbele ya watoto na Mama ufukweni, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokutukana.

"Nimeona, Baba. Nimepitisha. Nisamehe."

Halafu Mwenyekiti akakohoa, akauliza kwa sauti yako kabisa, "Nyuma safi?" Tukageuka wote kuangalia nyuma yetu, tukaitikia.

Tulikaa mpaka saa nne. Kifunguo alimpata samaki mmoja, akamwinua mpaka usawa wa ubao, tukamwona wote, ana mstari mweusi ubavuni. Akaponyoka, kama mdogo wangu alivyokuwa amekuonya. Nilimwangalia mtoto nikijua atalia. Hakulia. Alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea, akatuambia tusiondoke, kaenda kuwaita wenzake.

Sasa kila Jumamosi ni zamu yangu. Kazini nimebadilishana na mwenzangu, nafanya Jumapili. Njia ya nyuma ya shule nimeiacha. Tupa yako nyembamba iko kibandani, hakuna aliyeigusa isipokuwa mdogo wangu, na yeye ni kwa ajili ya ndoana mpya tu. Watoto wengine wa mtaani wameanza kuja na zao, naye anazisugua bila kuuliza ni za nani. Gati limejaa. Nguzo zimebaki mbili tu, na mashuka ya Mama yanapungua.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakuwekea kikombe. Na mwanao wa kiume, kwenye kigoda chako, na mkweo, ambaye sasa anakata ndara zake mwenyewe. Na tabibu, ambaye amenituma niandike salamu zake, na mteja wa kufuli aliyekusubiri kwa adabu. Na wajukuu zako, Mwenyekiti wa nguzo ya kwanza, Kimya wa nguzo ya pili, Kifunguo wa nguzo ya tatu. Na mimi, binti yako wa kwanza, bosi wako mkali, niliyechelewa.

Pumzika, Baba. Watoto tumewafunga vizuri, tumejaribu mara tatu, na siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.